Mtani wa Mlangoni

Wahehe hulala kwa shida. Nasema hivyo kwa sababu nimewalaza wengi, na kwa sababu mimi ni Mngoni, nina ruhusa ya kusema lolote juu yao. Mngoni ukimwambia lala, analala hapo hapo. Mhehe lazima kwanza aukague mto, achungulie uvunguni, aulize dirisha linafungukia upande gani. Bwana Tweve, mwenye duka, huniambia kila siku, “Kandida, wape chai ya mchaichai.” Namjibu kwamba hawa mchaichai hauwatoshi, watafutie mbwa wa kukumbatia. Hapo mteja anacheka, au ananitukana kwa panya anaodai ninakula, na mwili unalegea. Ndiyo kazi yangu hiyo. Nina kitambulisho chenye picha mbaya na maneno haya: Kandida Gama, Mtani wa Mlangoni, Duka la Silaha la Tweve, Lukolongo.

Alhamisi ile aliingia mtu ambaye hakuhitaji mchaichai.

Ilikuwa yapata saa sita mchana. Ukungu ulikuwa haujaondoka mlimani, umeshuka mpaka kwenye mikaratusi ya mtaa wetu, na watu waliopita nje walionekana nusu nusu, kichwa bila miguu, kikapu bila mwenyewe. Yeye alitoka katikati ya ukungu huo akiwa amevaa koti safi na viatu vilivyopigwa rangi. Mwanamume wa miaka hamsini hivi. Akavua kofia.

“Kamwene, mtani,” nikamwambia. “Unataka bunduki ya kitoweo? Mbwa wa mjini hawana nyama, nakuonya mapema.”

Alitabasamu kwa adabu. “Kamwene, dada.”

Dada! Mhehe anamwita Mngoni dada! Nikamtazama Bwana Tweve, naye akaacha kufuta kaunta. Mhehe anayeniita dada ama ana homa, ama amekosea duka.

“Jina?”

“Galinoma Kikoti. Nalima viazi, kule Ng'ongwa.”

“Bunduki ya nini?”

“Nguruwe pori. Wananimaliza.”

“Mke?”

“Alifariki. Ledina. Miezi saba sasa.”

“Pole, mtani. Pole sana.” Kalamu yangu ilikuwa imeshahamia swali linalofuata, lakini mdomo ukauliza lisilokuwemo kwenye fomu. “Watani walikuja msibani?”

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za nchi ya mbali. “Watani gani? Si mmeajiriwa wote. Tulizika asubuhi, watu wakanywa uji, wakarudi mashambani.”

Alisema kweli.

Bibi yangu aliwahi kunyakua jogoo kwenye msiba wa Wahehe, akakimbia naye kijiji kizima, wafiwa wakimfukuza huku wanalia na kucheka. Alivaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, mpaka mjane mwenyewe akashika mbavu. Enzi zile mtani alichukua kitu chako na hukumshitaki, ulikikomboa kwa alichotaka yeye. Halafu ikaja Sheria ya Mlango, ya kupima wanunuzi wa silaha, na sisi tukapewa namba. Utani nje ya duka ukawa kosa. Walisema mtani anayetania kila mtu barabarani ushahidi wake unachujuka. Kwa hiyo sasa watu wanazikana kimya, na mimi nataniana hapa, kati ya kaunta na mstari wa njano uliochorwa sakafuni karibu na mlango. Ndani ya mstari mimi ni mtani. Nje yake ni mama tu anayenunua dagaa.

“Haya, panda kitandani,” nikamwambia. “Vua viatu. Soksi zikinuka nakunyima.”

Alipanda. Akaweka mikono juu ya tumbo. Hakuukagua mto.

*

Nieleze kidogo, maana wageni huwa wanaogopa kilemba.

Ni kitambaa kirefu cha pamba, kimefumwa kwa nyuzi ambazo zamani zilitumika hospitali kusikiliza ubongo wa wagonjwa. Ncha moja anafungwa mnunuzi, ncha ya pili najifunga mimi, halafu tunalala saa moja, yeye kitandani na mimi kwenye kiti changu cha kamba. Anachoota nakiona. Ukutani kuna Msajili, kisanduku chenye sauti ya mwanamke mpole, naye anaona pia, lakini anaona mambo matano tu. Je, mnunuzi ana moyoni jina la mtu wa kumdhuru? Je, ana hasira isiyopoa? Je, amekwisha hukumiwa kwa damu? Je, kileo kinamtawala? Je, anamnunulia mwingine aliyekatazwa? Sababu ni hizo tano. Ya sita haipo.

Mwanzoni walitumia wapimaji kutoka popote. Watu waliamka wakijua mgeni amewaona utupu wa roho, wakaenda nyumbani wasile. Wazee wa mikoa hii wakasema, jamani, mbona jambo dogo? Mtu asiyekuaibisha akijua siri yako ni mtani wako. Mngoni ampime Mhehe, Mhehe ampime Mngoni. Ndipo tukaajiriwa.

Na tukabebeshwa mzigo. Bunduki ikimuua mtu mwingine ndani ya miaka saba, aliyeuza na aliyepima wanafungwa pamoja. Nikimnyima mtu bila sababu mojawapo ya zile tano, nimempokonya haki yake: mara ya kwanza napewa onyo la mwisho, ya pili navuliwa kilemba na kufungwa peke yangu. Nilichokiona ndotoni nikimwambia mwingine, ni jela tena. Naweza kumwambia mwota ndoto mwenyewe tu, tena kabla miguu yake haijagusa sakafu. Yakiisha hayo ni kimya mpaka kaburini.

Nikafunga ncha yangu. Msajili akapunguza taa. Galinoma Kikoti akalala kabla sijamaliza kukaa vizuri.

*

Nilijikuta juu ya kilima, katika ukungu ule ule, ila huu ulikuwa na joto. Uliponigusa usoni nilisikia kama pumzi ya ng'ombe.

Mbele yangu lilikuwa shamba, matuta yake yameshafukuliwa yote. Hapakuwa na jani wala kiazi. Galinoma alikuwa katikati akifagia udongo kwa ufagio wa nyasi, polepole, akiacha mistari iliyonyooka. Alipoona unyasi aliinama, akauokota, akautia mfukoni. Nikamfuata nikikanyaga kwa tahadhari, maana niliona haya kuharibu kazi yake.

“Nguruwe wako wapi, mtani?”

“Waliondoka.”

“Lini?”

“Zamani kidogo.” Alifagia nyayo zangu nyuma yangu. “Hapa hawana cha kula tena.”

Nimepima watu mia mbili na kitu waliokuja kwa ajili ya nguruwe. Wote huwaota. Wanaota meno, wanaota kelele za usiku, wengine wanaota nguruwe kavaa koti la mwenyekiti wa kijiji. Mtu wa nguruwe asiyeota nguruwe sikuwahi kumwona.

Tukafika nyumbani kwake bila kutembea, kama ndoto zinavyofanya. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na meza ndefu, watu wanakula, vikombe vya pombe ya ulanzi vimejaa, binti mmoja anayefanana naye anamenya ndizi. Waliongea kwa furaha na sauti zao zilikuja taratibu, zimelegea, kama watu wanaozungumza chumba cha pili wakati wewe una usingizi. Kiti kimoja kilikuwa kimesogezwa ukutani na makoti yametundikwa juu yake. Hakuna aliyeuliza kiti kile ni cha nani.

Nikaona vikaratasi. Jembe lilikuwa na kikaratasi chenye jina la mdogo wake. Redio ilikuwa na jina la binti. Ng'ombe aliyesimama kizingitini alikuwa na jina la jirani shingoni. Sufuria, blanketi, hata kijiko cha mbao, kila kitu kilikuwa na jina la mtu mwingine kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani. Pembeni ilikuwapo bunduki, ambayo alikuwa hajainunua bado, na kwenye mkanda wake palifungwa kikaratasi chenye jina lake mwenyewe.

Nataka kusema ukweli: hofu haikuja peke yake. Pale palikuwa pazuri. Palikuwa na amani ya kutamanisha, na nusu yangu ilitaka kukaa nami nitundikiwe makoti.

Kilichonirudisha ni kanga. Ilikuwa kwenye kamba, ndani ya nyumba, ya kijani yenye pindo la njano, imelowa, inadondosha maji tone moja moja. Kitu pekee kisichokuwa na kikaratasi.

“Mbona hujaianua?” nikamuuliza.

“Aliifua asubuhi ile ile,” akasema Galinoma, bila kuigusa. “Nikiianua itakauka.”

*

Niliamka mashavu yangu yakiwa mabichi. Nikayafuta upesi kwa kilemba. Yeye alikuwa amefungua macho, anatazama dari, mtulivu kabisa.

Nilikuwa na muda mpaka miguu yake iguse chini.

“Mtani,” nikasema, nikajilazimisha kucheka, “umefagia shamba mpaka linatia aibu. Mhehe gani msafi namna hiyo? Nani atakaa humo?”

“Atakayekuja.”

“Binti yako anajua?”

“Ana maisha yake.”

“Na nguruwe?”

Akageuza kichwa akanitazama. Alijua kwamba nimejua. Machoni hakuwa na ubaya wala ombi. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kata tiketi na gari linanguruma stendi.

“Watarudi,” akasema. Akateremsha miguu sakafuni, mmoja, wa pili. Hapo mdomo wangu ukafungwa kisheria.

Msajili akasoma matokeo kwa sauti yake ya upole. “Hasira, hakuna. Hukumu, hakuna. Kileo, hakitawali. Kununulia mwingine, hakuna. Jina limeonekana moja: la mnunuzi mwenyewe. Mnunuzi mwenyewe hahesabiwi kuwa mtu wa kudhuriwa. Si sababu. Mnunuzi ni safi. Mtani aweke kidole ndani ya dakika kumi.”

Si sababu! Yaani waliotunga sheria ile walikaa mezani wakawafikiria maadui wote duniani, wakamsahau mmoja.

Bwana Tweve akanivuta kwenye pazia la stoo. Ni Mkinga, biashara ipo damuni, lakini si mtu mbaya. Amewahi kufunga duka siku nzima kwa sababu mteja alimkumbusha kaka yake.

“Kandida, una nini? Umekuwa mweupe.”

“Sheria inakuruhusu kuniuliza nilichoona?”

“Hainiruhusu.”

“Basi usiniulize.”

Akakuna kidevu. “Ni mojawapo ya zile tano?”

“Hapana.”

“Basi tunauza. Nisipouza nimemdhulumu. Na wewe una onyo la mwisho, usisahau.”

Ningelisahauje? Miaka miwili nyuma alikuja mjane, Mama Mgovano, anataka bunduki kwa ajili ya chui. Nilihisi kitu ndotoni mwake, kitu tu, hata jina sikuwa nalo, nikamnyima. Wiki ya tatu chui aliingia zizini, na yule mama akapigana naye kwa panga. Leo anafua kwa mkono mmoja. Kila Jumapili namwona kanisani akishika kitabu cha nyimbo kwa kidevu ili afungue ukurasa, na kila Jumapili nashindwa kuimba. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kukataa ni kitu chepesi. Nilishaona hisia zangu zinavyoweza kumkata mtu mkono.

Nikakaa kwenye kiti cha kamba. Nje ukungu ulipita dirishani ukiwa na mikia mirefu. Nikifanya sheria ilivyosema, nitakuwa salama. Galinoma akienda zake nyumbani kwenye meza ile, hakuna hakimu atakayeniita, hakuna mtu atakayetaja jina langu. Mikono yangu ingekuwa safi, imeoshwa na serikali. Na mimi ningejua, mimi peke yangu, mpaka nife.

“Dakika mbili,” akasema Msajili.

Nikainuka, nikaweka kidole gumba kwenye kioo. Kioo kilikuwa baridi. Taa ya kijani ikawaka, na Bwana Tweve akashusha pumzi.

*

Bwana Tweve aliifunga bunduki kwenye mfuko wa turubai, akamsomea Galinoma wajibu wake: kuifungia kabatini, kutoiazima, kuileta ikaguliwe kila mwaka. Alipofika kwenye “kila mwaka” Galinoma alitikisa kichwa kukubali, kwa heshima, kama mtu anayeitikia sala ya dini isiyo yake. Risasi ziliwekwa kwenye bahasha ya peke yake, zikatiwa ndani ya mfuko huo huo.

Galinoma akachukua mfuko. Akavaa kofia. “Asante, dada,” akaniambia.

Dada tena.

Kutoka kaunta hadi mstari wa njano ni hatua tisa. Nazijua, nimezifagia miaka sita. Alipiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, viatu vyake vilivyopigwa rangi vikitoa mlio mdogo. Kichwani mwangu hapakuwa na mpango wowote, naapa. Palikuwa na jogoo wa bibi yangu tu, mbawa wazi, anapiga kelele.

Kwenye hatua ya saba nilimrukia.

“Nimeteka!” nikapiga ukelele. “Nimeteka mali ya Mhehe!”

Nikaunyakua mfuko begani kwake, nikarudi mbio nyuma ya kitanda, nikauweka chini, nikaukalia. Mimi si mwembamba. Nikikalia kitu kimekaliwa.

“Kandida!” Bwana Tweve alishika kichwa. “Umeingiwa na nini?”

Galinoma alisimama mikono ikiwa hewani, haelewi. Halafu uso wake ukapasuka. “Lete!” akafoka. “Lete kitu changu, mwanamke!”

Ilikuwa sauti ya kwanza ya kweli niliyoisikia kwake tangu aingie, na nilifurahi mpaka nikataka kulia.

“Kikomboe,” nikasema.

“Nimenunua! Nimepimwa! Kidole umeweka wewe mwenyewe!”

“Kidole nimeweka. Wewe ni safi, bunduki ni yako, hakuna anayebisha. Na mimi ni mtani wako, niko ndani ya mstari, nimeteka. Kikomboe.”

Bwana Tweve alikuwa ameshainua simu, na jasho lilikuwa linamtoka. Silaha ikitoka mkononi mwa mwenyewe, muuzaji lazima atoe taarifa kituoni papo hapo, la sivyo duka linafungwa. “Nisamehe, Kandida,” akasema, akapiga. Sikumlaumu.

Kituo kiko ng'ambo ya barabara. Koplo Mwajabu aliingia kabla Galinoma hajamaliza kuzunguka kitanda mara ya pili. Ni binti mrefu, mkimya, havai kofia yake vizuri. Aliniangalia nilivyokaa chini, miguu imenyooshwa, mfuko unachungulia chini ya makalio.

“Mama Kandida, uko sawa?”

“Sijambo, mwanangu. Niko kazini.”

Bwana Tweve akaeleza yote, haraka haraka, akionyesha mstari wa njano, saa na kioo cha kidole. Koplo akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa kitabu chake.

“Utani ndani ya mstari unakubalika,” akasema polepole. “Kuteka hakujakatazwa mahali popote, labda kwa sababu walioandika hawakukumbuka. Lakini mwenye mali akisema ameibiwa, ni wizi wa silaha, na huo ni miaka saba.” Akamgeukia Galinoma. “Bwana, nakuuliza na naandika. Umeibiwa?”

Hapo nikaogopa kweli kweli. Nina watoto wawili wanaosoma, nina mama ambaye haoni. Galinoma alifungua mdomo. Alihitaji kusema neno moja tu, ndiyo, naye angechukua mfuko wake na kwenda nyumbani kwenye shamba lililofagiwa.

“Mtani,” nikamkatiza, “hujauliza nataka nini.”

“Sitaki kujua.”

“Nataka unipeleke kwa Ledina.”

Jina lile aliniambia mwenyewe, macho makavu, mbele ya fomu. Halikutoka ndotoni. Nililishika kwa mikono miwili.

“Hatukuja kumzika,” nikasema. “Tulikuwa hapa tunapima watu. Mkeo ameondoka bila mtani wa kumwigiza, bila mtu wa kuiba hata sahani. Ni deni letu hilo, ni aibu yetu. Nipeleke kaburini nikamtanie. Ukishanipeleka, chukua chuma chako.”

Aliutazama mfuko chini yangu.

“Alikuwa mvivu, nasikia,” nikaendelea. “Wanawake wa Kihehe wanajulikana. Viazi anaepua vibichi, maji hayajachemka, mume anatafuna kama ng'ombe.”

“Ledina?” Alinigeukia kwa ghadhabu. “Ledina aepue viazi vibichi?”

“Vibichi kabisa. Vinalia mdomoni.”

“Hakuwahi kuepua vibichi!” Akapiga kitanda kwa kiganja. “Aliunguza! Aliviunguza kila siku! Anakwenda kuongea na jirani, anasahau, moshi unatoka mpaka dirishani, halafu anakuja mbio anasema, ‘Baba Tuli, leo nimekuchomea.’ Kila siku nimekuchomea, nimekuchomea! Miaka ishirini na miwili nimekula viazi vyeusi, mimi! Mkulima wa viazi!”

Akasimama pale, anahema. Kona ya mdomo ikacheza. Kitu kikamtoka kifuani ambacho kilianza kama kikohozi, kikawa kicheko, kicheko kibaya kilichosahau njia, na kabla hakijafika mwisho kikageuka kilio. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia wanaume msibani pale mtani anapowafungulia, kofia ikiwa imeangukia magotini. Bwana Tweve akaenda kufunga mlango wa mbele. Koplo Mwajabu aliangalia dirishani, akaangalia kwa muda mrefu, ingawa huko nje kulikuwa na ukungu tu.

Sikuinuka. Nililia nikiwa nimeikalia bunduki.

Baadaye Koplo akakohoa. “Bwana Kikoti, samahani. Lazima niandike jibu. Umeibiwa?”

Galinoma alijifuta uso kwa mkono wa koti lake safi. Akanitazama, kuanzia kilemba changu kilichopinda hadi nyayo zangu.

“Hapana, afande,” akasema. “Huyu ni mtani wangu. Hebu mwone alivyokaa. Panya juu ya gunia.”

Koplo akaandika. Sijui aliandika nini hasa, lakini aliandika mstari mmoja tu. Kisha akanishika mkono akaniinua, akachukua mfuko. “Mateka atalala kituoni kwangu,” akasema. “Risasi nazo. Mpaka akombolewe.”

“Hata kama ni mwaka,” nikasema.

“Hata kama ni mwaka.”

Galinoma alivaa kofia yake, akaenda mpaka kwenye mstari wa njano, akasimama. Kwenda Ng'ongwa ina maana nivuke mstari ule nikiwa na utani mdomoni, na onyo la mwisho lilikuwa bado limebandikwa ukutani nyuma yangu. Nilikuwa nimeshaamua.

“Kesho?” akauliza bila kugeuka.

“Kesho asubuhi. Na unipikie. Nasikia kwenu kuna mbwa wanono.”

“Utataka nguo yake ya kuvaa,” akasema. “Ndivyo mlivyokuwa mkifanya zamani, watani. Mama yangu alinisimulia.”

“Ndivyo.”

Akaweka mkono kwenye komeo.

“Kuna kanga.”

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa kisheria, nami nikaufunga. Nikamuuliza ni ya rangi gani, kana kwamba sijui.

“Kijani,” akasema Galinoma. “Nikifika nitaianua.”